Tundu Lisilopiga Mluzi

Injini ya dizeli hutajwa na kuhesabiwa kwa mafuta inayotumia, ilhali kwa uzito na kwa ujazo inakula hewa nyingi zaidi kuliko mafuta, na anayetaka kuelewa kwa nini lori linashindwa leo kupanda mlima ambao wiki iliyopita lilipanda na mzigo uleule hana budi kuanza na hesabu ya hewa hiyo. Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, huhitaji si chini ya kilo 12 za hewa, ambazo kwenye usawa wa bahari hujaza kiasi cha mita za ujazo 10. Nayo injini ya lita 7.5 isiyo na tabo, mfano wa ile iitwayo 6D16 iliyofungwa katika malori mengi ya Mitsubishi Fuso, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta kadiri ya mita za ujazo 7.5 za hewa katika dakika hiyo moja, yaani 450 kwa saa. Hakuna kitu kingine kinachopita ndani ya lori kwa wingi wa namna hiyo, na hakuna kingine ambacho mwenye lori hakilipii hata senti, na huenda hiyo ndiyo sababu hewa huwa ya mwisho kushukiwa mambo yanapoharibika.

Katika nyanda za juu za Kigoma hesabu hii huwa ngumu zaidi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, nazo Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda zinazopanda kati ya mita 1,200 na 1,500, ambako kanieneo ya hewa, yaani ile nguvu ya mgandamizo ambayo gerejini huitwa presha, ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 13 hadi 17. Maana yake kwa dereva ni kwamba silinda inayojaa hewa Kasulu imejaa kwa macho tu, kwa kuwa uzito wa hewa iliyomo umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na msaada hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Msaada wenyewe ni tabo: mapangaboi mawili madogo yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja, moja likizungushwa na moshi unaotoka injini, la pili likivuta hewa ya nje, kuibana na kuisukuma kuelekea silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mlima wa Colorado, Marekani, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,000, ili athibitishe kwamba kifaa hicho huirudishia injini kile ambacho mwinuko umeinyang'anya. Lori lenye tabo linalopanda kutoka Kigoma kwenda Kasulu linalipa deni lilelile la mwinuko, ingawa kwa kiwango kidogo, na ndiyo maana mpira wa hewa uliolegea, yaani hozi, ambao pwani ungepunguza nguvu kidogo tu, huku juu hulazimisha gia mbili chini.

Barabara inayoziunganisha Kasulu na Kibondo ilikuwa kwa miongo mingi ya udongo mwekundu, matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi, na ujenzi wa lami kutoka Manyovu, mpakani mwa Burundi, kupitia Kasulu, Mvugwe, Nduta na Kibondo hadi Kabingo, urefu wa kilomita 260 hivi, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha mengi katika biashara ya usafirishaji. Hata hivyo mzigo hauzaliwi kwenye lami. Maharage, mahindi na muhogo mkavu hupakiwa vijijini, kwenye barabara za vumbi ambako lori la nyuma hupumua kile kilichotimuliwa na lori la mbele. Na malori yaliyopeleka chakula kwa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na katika kambi ya Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, yalikwenda kwa misururu, hali ambayo kwa chujio la hewa ni mtihani mkubwa kuliko urefu wa safari yenyewe.

Katika mazingira hayo ndimo anamoingia mtu ambaye makala hii inamhusu, yaani dereva aliyekwisha kuendesha malori ya wengine kwa miaka, kisha akanunua la kwake, aghalabu kuukuu, kwa akiba na kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, huku kadi ya gari ikibaki mikononi mwa aliyemkopesha. Ujuzi wake wa barabara haukubadilika siku alipotia saini, lakini ulibadilika uhusiano wake na sauti za injini. Alipokuwa ameajiriwa, lori likikosa nguvu alimpigia tajiri simu, akaeleza kwamba gari halivuti, akaendelea na safari kwa gia ndogo akingojea maelekezo, na gharama ya kungoja haikuwa yake. Zaidi ya hayo, uvujaji wa hewa ulikuwa na namna ya kumgombanisha na mwajiri, kwa sababu injini inayokosa hewa huchoma dizeli nyingi kwa kazi ileile, na tajiri anayeona tangi limekauka mapema kuliko kawaida hufikiri kwanza juu ya mpira na dumu, yaani juu ya dereva aliyenyonya mafuta njiani akayauza. Wizi wa namna hiyo upo, na hakuna haja ya kuwatakasa madereva wote. Lakini ni haki kusema kwamba sehemu ya shutuma hizo ingeishia kwenye klipu ya hozi iliyolegea chini ya kabati, kama mtu angejisumbua kuinama na kuitafuta. Sasa dereva huyo ni tajiri wa nafsi yake, tangi linakauka vilevile, na hana wa kumshuku.

Ili kuitafuta klipu hiyo ni lazima kwanza kutenganisha aina mbili za uvujaji, ambazo lugha ya kila siku huzichanganya kwa kuwa zote hutokea kwenye tundu. Katika safari ya hewa kutoka nje hadi silinda, tabo ni mpaka. Kabla ya tabo hewa inanyonywa, kwa hiyo presha ndani ya bomba ni ndogo kuliko ya nje. Baada ya tabo hewa inasukumwa, kwa hiyo presha ndani ya bomba ni kubwa kuliko ya nje, na katika malori mengi huizidi kwa bara moja au zaidi, bara ikiwa ni kipimo kinachokaribia sana kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari. Tundu lililo upande wa kusukuma hutoa hewa. Tundu lililo upande wa kunyonya huingiza hewa, kama mrija wa soda wenye ufa ambao humnyima mnywaji soda bila kumwaga hata tone mezani. Karibu kila jambo la maana katika uchunguzi wa hewa ya lori linatokana na tofauti hiyo moja.

Uvujaji wa upande wa kusukuma ni wenye kelele, na kwa maana hiyo ni mwaminifu. Hewa iliyobanwa ikipenya kwenye mpasuko mwembamba hupiga mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva kwenye ekseleta, na mpasuko ukiwa mkubwa mluzi hugeuka mfoko mzito. Moshi mweusi hufuata, kwa sababu pampu ya dizeli imeendelea kumimina mafuta ya kuungua na hewa ambayo haikufika, ingawa dalili hii hudanganya katika injini zenye kifaa kidogo juu ya pampu kinachopima presha ya tabo kwa kibomba chembamba na kuzuia mafuta mpaka presha ipande. Katika injini kama hiyo, ikiwa hakuna fundi aliyekwisha kukichezea kifaa hicho ili gari livute zaidi, uvujaji huleta unyonge bila moshi, na mwenye lori huanza kushuku klachi, breki zinazokamata au mafuta yaliyochakachuliwa. Tabo nayo, ikijaribu kufidia hewa inayopotea, huzunguka kwa kasi kubwa kuliko iliyokusudiwa, na hii katika kifaa ambacho hata kikiwa kizima huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kuna pia uvujaji wa moshi kabla haujaifikia tabo, kwenye gasketi ya manifodi ya ekzosi, ambao huacha mstari mweusi wa masizi juu ya chuma na kugonga kwa sauti ya haraka asubuhi injini ikiwa baridi, kisha sauti hiyo hufifia chuma kinapopata moto na kutanuka; moshi unaopotea hapo ni nguvu iliyokusudiwa kuizungusha tabo.

Njia ya kupima upande huu ni rahisi kiasi cha kushangaza, na vifaa vyake vinapatikana popote panapozibwa pancha. Bomba linaloingia kwenye tabo hufunguliwa, mdomo wa tabo huzibwa kwa kifuniko cha chuma au cha plastiki ngumu kilichotobolewa na kufungwa vali ya tyubu, kisha hewa huingizwa kwa kompresa ileile ya kujazia matairi, huku mtu akipaka povu la sabuni ya unga kwenye kila kiungo, kuanzia tabo, kupitia kwenye kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, hadi kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Pale penye tundu povu huvimba na kupasuka, na mara nyingi huvimba upande wa chini wa hozi, ambako mafuta yanayopita kwa mvuke kutoka tabo yamelainisha mpira kwa miaka bila jicho kufika. Mambo mawili huwapotosha wageni wa kazi hii. La kwanza ni presha: kompresa inayojaza tairi la lori kufikia psi 100 na zaidi haifahamu kwamba intakula haikutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo inatosha psi 15 hivi, au bara moja, na mkono usiondoke kwenye vali. La pili ni mlio wa hewa unaosikika kwenye kifuniko cha oili au kwenye ekzosi wakati wa kipimo, ambao humfanya mwenye lori aamini kwamba injini imekufa, kumbe katika injini iliyosimama daima kuna silinda ambazo vali zake zimebaki wazi, na hewa hupita humo kwa njia ya kawaida kabisa. Anayesubiri presha isimame tuli kama ndani ya tairi atasubiri mpaka jioni.

Kuhusu kuziba, desturi ya kufunga hozi iliyopasuka kwa vipande vya tyubu vilivyokatwa kama mikanda inastahili heshima kidogo na tahadhari nyingi. Imewafikisha wengi Kibondo kutoka mahali ambako duka la spea halipo kwa kilomita nyingi, lakini mpira wa tyubu hutanuka ukisukumwa kutoka ndani, nao hulainika kwa joto la hewa iliyotoka kwenye tabo, ambayo kabla ya kupozwa huweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo ni bandeji ya safari moja ambayo kwa bahati mbaya hugeuka kuwa matengenezo ya mwaka mzima.

Hadi hapa uvujaji umeelezwa kama upotevu, na upotevu wa namna hiyo, ingawa unauma, una mwisho: hozi ikibadilishwa nguvu hurudi na dizeli hupungua. Uvujaji wa upande wa kunyonya ni jambo la namna nyingine. Tundu lililo kati ya chujio na tabo halipigi mluzi unaoweza kusikika juu ya ngurumo ya injini, halitoi moshi, wala halipunguzi nguvu, kwa maana injini inapata hewa yake yote, na pengine inaipata kwa urahisi zaidi kuliko pale inapolazimika kuivuta kupitia karatasi ya chujio iliyojaa vumbi. Lori lenye tundu hili linaweza kupanda vilima vya Kasulu kwa furaha kuliko lililo zima. Kinachoingia ni vumbi, na vumbi la barabara nyekundu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda, na zile zenye upana wa mikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi, hutoshea vizuri katika utando wa oili ulio baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na kusaga pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ukubwa wa madhara hauonekani mpaka uhesabiwe. Chujio zuri la karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi; ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba linapitisha sehemu moja katika 1,000, kisha ichukuliwe kwamba ufa ulio nyuma yake unapitisha sehemu moja tu katika 100 ya hewa yote. Asilimia moja inaonekana kitu kidogo, lakini vumbi linalofika kwenye silinda limeongezeka mara 11, na katika injini iliyotajwa mwanzoni hizo ni mita za ujazo 4.5 za hewa ya barabarani isiyochujwa kwa kila saa ya mwendo. Ringi huisha, injini huanza kupumulia kwenye kifuniko cha oili, oili hupungua bila kuvuja popote, asubuhi za baridi za mwezi Juni na Julai injini hukataa kuwaka kwa kuwa haibani tena hewa ya kutosha, na hatimaye hufunguliwa ili iwekwe pistoni, ringi na slivu mpya. Siku hiyo fundi atasema kwamba injini imechoka, na hatakosea, ila jina la ugonjwa litakuwa halikutajwa, na injini mpya inaweza kufungwa nyuma ya hozi ileile.

Uchunguzi wa upande huu unahitaji kidole na kitambaa cheupe. Hozi inayotoka kwenye chujio huvuliwa, kitambaa hupitishwa ndani yake kwa kuzunguka, hasa pale kipindapo, na kitambaa kikitoka na rangi ya barabara basi hakuna mjadala tena, kwa kuwa ndani ya bomba hilo hakuna kitu kinachopaswa kupita isipokuwa hewa safi. Wenye subira hupaka grisi safi kidogo ukutani mwa bomba, wakaendesha kwa siku kadhaa, kisha wakaitazama, maana grisi hushika kile ambacho bomba kavu lingekipitisha. Ikithibitika kwamba vumbi linapita, mahali pa kutafuta ni pachache: mdomo wa chujio ambalo si la kipimo chake, lililouzwa kwa kuwa linaingia, ingawa mpira wake wa pembeni haukazi, hozi iliyokaa ikijisugua kwenye chasisi mpaka ikatoboka upande usioonekana, klipu iliyofungwa juu ya uchafu, na, jambo linalosahauliwa sana, kibomba kinachopeleka hewa kwenye kompresa ya breki za upepo, ambacho katika injini nyingi huchomoza kwenye bomba hilihili, na kikilegea huiingizia vumbi injini na kompresa kwa pamoja. Mpira wenye mikunjo ulio mbele ya chujio, unaochakaa kwa sababu ya kabati kuinuliwa na kushushwa, una hatia ndogo zaidi, kwani hewa inayoingia hapo bado itachujwa. Kuna wenye malori wanaobadilisha mpira huo kwa sababu ndio unaoonekana, wakauacha ule wa nyuma.

Chujio lenyewe lina historia yake ya kudhulumiwa. Katika gereji na vituo vya mafuta hupigwapigwa kwenye tairi, kisha hupulizwa kwa kompresa kwa karibu na kwa presha yote, na kila mtu huridhika kwa wingu linalotoka, ilhali karatasi iliyopulizwa hivyo mara nyingi hupasuka kwenye mikunjo yake kwa nyufa zisizoonekana isipokuwa taa iwashwe ndani yake gizani. Chujio chafu lisilopasuka linailinda injini vizuri kuliko chujio safi lililopasuka. Kwa dereva aliyefundishwa usafi wa lori na matajiri wakali, hili ni somo gumu kulikubali.

Sheria hiyohiyo ya kunyonya inatawala pia mahali pengine ambako watu hawaiiti hewa, nayo ni njia ya dizeli kutoka tangini hadi pampu ya kuvuta iliyoko kwenye injini. Bomba hilo nalo lina presha ndogo kuliko ya nje, hivyo likipata ufa halidondoshi dizeli wakati wa mwendo bali huvuta hewa, na chini yake panabaki pakavu kabisa. Lori huzima mlimani bila onyo, utingo hushuka kupampu kwa mkono mpaka hewa itoke, safari huendelea, na asubuhi inayofuata dizeli iliyorudi tangini usiku kucha hulazimu kazi ile ianze upya. Kwa kuwa dalili zinafanana na za pampu kuu iliyochoka au za nozeli mbovu, na kwa kuwa pampu na nozeli ndizo zenye bei, mwenye lori hupelekwa huko kwanza. Kipimo cha kuamua ni dumu la dizeli lililofungwa nyuma ya kabati, juu kuliko pampu, likiunganishwa kwa mpira mpya unaopitisha mwanga: injini ikitembea vizuri kwa dumu na vibaya kwa tangi, pampu imesafishwa jina, na kinachotafutwa ni bomba, koki au mrija uliooza ndani ya tangi lenyewe.

Inafaa kuuliza kwa nini upande wa kunyonya, ambao madhara yake ni makubwa na vipimo vyake ni vya bei nafuu, ndio unaochunguzwa kwa nadra. Jibu la haraka ni kwamba watu hawajui, lakini jibu hilo haliwatendei haki mafundi wa Kasulu na Kibondo, ambao wengi wao wanaijua tofauti hii kwa mikono kuliko inavyoweza kuandikwa. Ukweli unaelekea kuwa katika namna ya malipo. Fundi hulipwa hela ya ufundi kwa kitu alichobadilisha, na mteja humletea kitu chenye kulalamika: mluzi, moshi, mlima ulioshindikana. Saa moja ya kuvua hozi, kupitisha kitambaa na kukuta hakuna kitu haina jina kwenye makubaliano yao, na fundi anayeidai malipo huonekana mjanja. Mwenye lori mpya, kwa upande wake, anahesabu kila siku ya kulala gereji dhidi ya rejesho la mwisho wa mwezi, kwa hiyo hupeleka fedha zake pale penye kelele, na deni linamfundisha kusikiliza kwa bidii sana mambo ambayo hayamwangamizi. Tundu lisilo na sauti halina mteja, wala fundi anayeweza kulitafuta kwa gharama zake mwenyewe.

Lami imeongeza utata mwingine. Vumbi limepungua kwenye njia kuu, na kwa sababu hiyo baadhi ya wenye malori wameanza kuliona chujio kama jambo la zamani. Wakati huohuo mwendo umeongezeka, mizigo inakwenda mbali zaidi bila kusimama, tabo inafanya kazi kwa presha ya juu kwa saa nyingi mfululizo, na hozi ambazo zilivumilia barabara mbovu kwa mwendo wa polepole zinapasuka kwenye barabara nzuri. Lori linalonunuliwa leo, hata likioshwa na kupakwa rangi, lina ndani ya silinda zake vumbi la barabara zote lililopita kabla ya lami, na mnunuzi anayesikiliza injini ikiwa imesimama uwanjani, akafurahi kwamba haina mluzi, amepima upande mmoja tu. Kwa bei ileile angeweza kuomba hozi ya chujio ivuliwe mbele yake kabla ya kutoa fedha; muuzaji anayekataa naye atakuwa ametoa jibu.

Mambo yakienda vizuri dereva huyu hununua lori la pili, na hapo humpa mtu mwingine usukani. Mkataba anaoufanya na dereva huyo, ambao kwa kawaida huwa wa mdomo, hutaja posho ya safari, mafuta ya safari na nani alipe faini za barabarani; ni nadra kutaja kuvua hozi ya chujio kila baada ya safari kadhaa za vijijini na kulipwa kwa kazi hiyo hata kitambaa kikitoka safi. Kiasi chenyewe kingekuwa kidogo, pungufu sana ya bei ya seti ya ringi, na ugumu wake hauko kwenye kiasi, bali kwenye kumlipa mtu aliyerudi na taarifa kwamba hakukuta kitu, jambo ambalo mwajiri wake wa zamani hakuwahi kumfanyia yeye.